Simgusi Mtoto wa Mwenzangu

Nikimfundisha mama mpya kunyonyesha, simgusi mtoto wake. Nakaa kwenye stuli yangu, mbali kidogo na alipokaa yeye, nampakata mdoli wa nguo niliyemshona mwenyewe, halafu naonyesha. Mama anatazama, anaiga. Akikosea, namwambia tuanze upya, nami naanza upya na mdoli wangu. Wamama wa Karatu wana maneno, hasa wakijaa kwenye benchi la kliniki wakisubiri watoto wapimwe uzito, kwa hiyo hapakosi mmoja wa kumnyooshea mdoli kidole na kusema, "Huyu wako mbona hakui? Mpe basi hata uji!" Tunacheka. Napenda wakicheka, kwa sababu mama akicheka mabega yake hushuka, na mabega yakishuka maziwa nayo hushuka.

Manesi ninaofanya nao kazi wanadhani nakaa mbali kwa sababu ya mafunzo. Ni kweli kwamba tulipofundishwa sisi wahudumu wa jamii tuliambiwa hivyo: usimshike mama titi, usimsukume mtoto kichwa, mwache mama afanye mwenyewe ili akifika nyumbani aweze bila wewe. Mkufunzi alinisifu mbele ya wenzangu, akasema huyu dada amezaliwa na kazi hii. Nilishukuru. Kukaa mbali sikujifunza darasani. Nilijifunza uani kwa mama mkwe wangu, upande wa Rhotia, mwaka niliomzika mtoto wangu wa kwanza.

Mimi ni Mchaga wa Rombo. Nilikuja Karatu kuuza katika duka la vinyago, moja ya yale ambako magari ya watalii husimama kabla hayajapandisha kreta ya Ngorongoro. Dereva mmoja wa magari hayo, Mwiraqw mrefu, mpole, anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtu, ndiye aliyenioa. Kwetu walinung'unika kidogo, kwao pia, halafu wakala pilau la harusi pamoja wakanyamaza. Tulijenga vyumba viwili kwenye kiwanja cha mama yake, mlango wetu ukitazamana na wa kwake, na katikati uwanja wa udongo mwekundu ambao ng'ombe waliupita asubuhi na jioni. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Mume wangu akipata wageni hupotea nao huko Ngorongoro na Serengeti mpaka safari yao iishe, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sekondari. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na nesi wa zamu. Nilipojifungua, siku za mwanzo zilikuwa za machozi. Chuchu zilipasuka, kila mara mtoto alipofungua mdomo mimi nilikunja vidole vya miguu. Nilimwinamia nikamsukumia titi mdomoni kama ninayemlisha ndama aliyegoma. Nesi yule, mkali, mfupi, sauti kama ya mwalimu wa gwaride, akaniambia, "Wewe, kaa wima. Ziwa halimfuati mtoto. Mtoto ndiye anayelifuata ziwa." Akanionyesha namna ya kumgeuza tumbo kwa tumbo, pua yake ielekee chuchu, nisubiri mdomo ufunguke wazi kabisa, ndipo nimvute haraka, kidevu kitangulie. Nilirudia mpaka nikaweza. Siku niliyoweza niliona nimefaulu mtihani mkubwa kuliko wa kidato cha nne.

Binti yangu alinyonya kwa jicho moja wazi. Sijui alikuwa analinda nini. Mkono wake mmoja ulishika ukosi wa sweta langu, na akishiba aliuachia polepole, kidole kimoja kimoja. Mama mkwe alikuja kumtazama akinyonya, akatikisa kichwa akisema huyu ana macho ya kuhesabu ng'ombe. Tulimpa jina la mama yangu. Na kama ilivyo desturi, tangu siku ile jina langu likafa, watu wote pale kijijini wakaniita kwa jina lake: Mama fulani, habari za asubuhi, Mama fulani, mtoto hajambo? Kila nilipoitwa nilimsikia mama yangu na binti yangu kwa pamoja.

Masika ile ilikuwa ya baridi. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa kreta ukakaa mashambani hadi jua la mchana. Mtoto alianza na mafua, kisha kifua, kisha tukalazwa. Daktari na manesi walifanya walichoweza, siwalaumu. Alikufa asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye ukosi wa sweta langu, na safari hii vidole vyake nilivifungua mimi. Tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba michache ambayo mume wangu alinipandia ili nisipakumbuke mno kwetu.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hilo niliambiwa na kila aliyekuja msibani, na ni kweli, lakini hakuna aliyeniambia kwamba maziwa hayapewi taarifa ya msiba. Jioni ya mazishi kifua changu kilijaa kikawa kigumu, kikawaka moto. Nilikaa katikati ya waombolezaji nguo yangu imelowa mbele, nikajifunika kanga ya pili, nayo ikalowa. Wamama waliona, wakatazama pembeni. Walijua nyimbo zote za kunifariji, ila kwa hilo hapakuwa na wimbo.

Aliyenisaidia ni mama mkwe. Aliniletea kibakuli akanionyesha kwa ishara nikamue kidogo, nisikamue yote, nipunguze tu maumivu. Kisha akachimba shimo kwenye kona ya ua, chini ya minyaa, akaniambia nisimwage kwingine kokote, nimwage humo, naye mwenyewe akija anafukia kwa majivu. Nilimwona ni mwanamke mwenye utu kuliko wote duniani. Nilidhani anayazika maziwa ya mjukuu wake kwa heshima, kama tulivyomzika mwenyewe.

Akaendelea kunitunza hivyohivyo. Akaninunulia kikombe na sahani vyangu peke yangu. Chakula akaniletea mlangoni kwangu: makande, maziwa mgando, siku nyingine supu. Nikitaka kukamua ng'ombe ananiambia, "Pumzika tu mwanangu." Nikishika jembe, "Pumzika." Nikisema nikachote maji bombani, "Mwili wako bado, pumzika." Majirani walinisalimia kutoka barabarani, kwa upole kabisa, wakapita. Sasa, kwetu Rombo mama aliyejifungua hagusi kazi. Anakaa ndani, analetewa mtori wa ndizi, analishwa mpaka anang'aa. Mimi nikaona, hawa watu wananilea kama mzazi ingawa mtoto hayupo. Nilimpigia dada yangu simu nikamwambia nimeolewa pazuri, nimekufa nimeoza kwa mama mkwe. Dada alilia kwenye simu kwa shukrani.

Jambo moja tu lilinichoma. Waliacha kuniita kwa jina la mwanangu. Mmoja akasema dada, mwingine shemeji, mama mkwe akasema mwanangu. Nilielewa kwamba wanaogopa kunitonesha, lakini wao hawakujua kwamba usiku nilijiita mwenyewe, kwa sauti ndogo, ili lisipotee.

Haukupita muda wifi yangu akaja kujifungulia kwao. Alikuwa mdogo wa mume wangu, msichana wa mapokezi katika loji moja, na mumewe alikuwa mwalimu kule Arash, Loliondo, mbali na kila kitu. Alipofika nilisikia yeye na mama yake wakibishana ndani kwa Kiiraqw, na mimi Kiiraqw changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba chumvi. Nilidhani wanabishana kuhusu chumba. Alijifungua kituo cha afya, mtoto wa kiume, mkubwa, akaruhusiwa akarudi nyumbani. Nilisimama mlangoni kwangu nikampigia vigelegele. Namwambia msomaji ukweli: nilipiga vigelegele kwa wivu na kwa huzuni.

Kisha mtoto akaanza kulia. Kila mtu anasema mtoto analia, lakini mimi kile kilio nilikijua. Mtoto anashika, anaachia, anashika, anaachia, halafu anapiga kelele ya hasira kwa sababu chakula anakinusa na hakiingii. Niliona kupitia mlango wazi: wifi ameinama, matiti yamemjaa yameng'aa, chuchu imezama humo, naye anamsukumia mtoto titi vilevile kama nilivyofanya mimi. Mama mkwe alileta maji ya sukari kwa kijiko. Baadaye akaleta maziwa ya ng'ombe aliyoyachanganya na maji, mtoto akatapika. Asubuhi iliyofuata kilio kikawa chembamba. Kufika mchana kikawa hakipo. Mtoto mchanga anayelia ana nguvu ya kudai chake. Wa kuogopwa ni yule aliyekata tamaa akalala. Mvua ilikuwa imekatakata barabara, bodaboda hazikupanda kwetu, mume wangu alikuwa Serengeti na gari. Simu zilipigwa, jibu likawa kwamba gari la mtu mmoja litajaribu kesho.

Mimi nikaona kesho ni mbali. Nikavuka uwanja.

Mama mkwe alikuwa kizingitini, mtoto mikononi. Nikanyoosha mikono. "Mama, nipe nimsaidie wifi. Ninajua tatizo."

Akarudi nyuma. Akamgeuza mtoto akamficha upande wa pili, kama unavyomficha mtoto asipigwe na upepo. "Rudi ukapumzike mwanangu," alisema.

"Mama, mimi si mgonjwa."

"Rudi. Nakuomba."

Ndani, wifi alianza kulia. "Mama, si umwambie tu! Mwambie! Atajua lini?" Kisha akaniambia mwenyewe, akiwa kitandani, uso ameugeuzia ukutani. "Wifi, si kwamba hatukupendi. Zamani huku, mwanamke akifiwa na mtoto mchanga anakaa peke yake. Tunaita metimani. Hachangamani na watu, hashiki mtoto wa mtu, na maziwa yake yasiguse ardhi wanapopita ng'ombe. Kanisani walishakataza. Mama mwenyewe ni mzee wa kanisa, anasimama anasema tumeacha. Lakini anaogopa, wifi. Anaogopa tu."

Kwa hiyo kikombe changu. Kwa hiyo sahani yangu, shimo chini ya minyaa, majivu, majirani wa barabarani. Nilisimama katikati ya uwanja ule nikaona kila "pumzika" niliyoambiwa ikinigeukia. Mimi nilidhani nalelewa, kumbe natengwa. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kupiga kelele kwamba binti yangu hakuwa uchafu, na maziwa aliyokuwa akiyanyonya kwa jicho moja wazi hayakuwa sumu. Nilitaka kufungasha nirudi Rombo kwa miguu. Na nadhani ningeondoka, ila kule ndani mtoto alitoa sauti moja ndogo, kama ya paka aliyefungiwa, akanyamaza tena.

Nikarudi mlangoni kwangu. Nikachukua shali ya binti yangu, nikaiviringisha kwenye mto mdogo, nikakaa kwenye stuli kizingitini nikamwita wifi kwa sauti kubwa.

"Wifi! Toka nje ukae hapo mlangoni, unione. Mama, mpe mtoto wake. Mimi siji huko. Nimekaa huku."

 Mama mkwe akamtoa binti yake, akamwekea kiti, akampa mtoto. Yeye akasimama katikati ya uwanja, na pale binti yake aliposhindwa kunisikia alimrudishia maneno yangu kwa Kiiraqw.

"Kwanza kamua kidogo, titi lilainike. Usiogope, hivi." Nikafungua vifungo nikaonyesha kwangu, kibakuli mapajani. "Sasa kaa wima. Mgeuze tumbo kwa tumbo. Pua ielekee chuchu. Usimsukume! Mguse tu mdomo, usubiri."

Mtoto alikuwa amelala. Nikamwambia amvue nguo, amwamshe kwa baridi, amkune nyayo. Akafumbua macho. Akafungua mdomo kidogo, wifi akamvuta, akaachia. Tukaanza upya. Nami nikaanza upya na shali yangu, kwa sababu niliona akinitazama mimi anatulia, akimtazama mtoto anatetemeka. Akaachia tena. Wifi akasema hawezi. Nikamwambia kwa ukali wa yule nesi kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea kunaanza na kukaa wima. Mama mkwe katikati akarudia kwa Kiiraqw, kwa ukali uleule, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikaribia kucheka.

"Subiri... subiri afungue wote, kama anayepiga mwayo... sasa! Kidevu kwanza!"

Akashika. Nikaona shavu lake limejaa, taya linaenda, linapumzika, linaenda. Wifi akainua uso, macho yamemtoka. "Anameza," alisema. "Wifi, anameza. Nasikia."

Mimi kutoka kule sikusikia. Lakini mwili wangu ulisikia. Maziwa yalishuka yenyewe, pande zote mbili, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona hata binti yangu alipokuwa hai. Yakalowesha nguo, yakalowesha shali yake, yakapita mapajani, yakadondoka chini kwenye udongo wa uwanja wanapopita ng'ombe. Sikuweza kuyazuia, wala sikujaribu. Nilikumbatia mto ule nikalia kwa sauti, kilio ambacho msibani sikukilia.

Mama mkwe aliyaona yakidondoka. Nilimwona akiyatazama. Jambo aliloliogopa maisha yake yote lilikuwa linatokea mbele yake, na mjukuu wake yuko nyuma yake ananyonya. Nikangoja alete majivu.

Alivuka. Alikuja mpaka kizingitini kwangu akapiga magoti kwenye tope, akachukua ncha ya kanga yake mwenyewe akanifuta kifua, akafuta mikono yangu, akafuta shali. Alinifuta kama anavyofutwa mtoto. "Mimi nilizika wawili kabla ya kumzaa mume wako," alisema. "Nilikaa kwenye kibanda kule mwisho wa shamba mpaka mahindi yakavunwa. Chakula niliwekewa juu ya jiwe, mtu akishaondoka ndipo nikichukue. Nilikuwa msichana. Maziwa yalikauka yenyewe na homa, hakuna aliyenionyesha kitu." Akakunja ncha ya kanga iliyolowa. "Wewe nilikuletea mkononi. Nilidhani nimekutendea vizuri."

 Hasira yangu haikuisha, ila ilikosa mahali pa kukaa. Alijishika magoti akainuka, na kabla hajarudi kwa binti yake akaniita. Aliniita Mama, na jina la binti yangu.

Nisimpambe zaidi ya alivyokuwa. Mtoto yule hakunipa. Woga wa miaka mingi hautoki kwa mchana mmoja, na mimi sikuomba tena. Kila aliponyonya nilikaa mlangoni kwangu, wifi akakaa kwake, tukatazamana, mpaka siku ambayo hakuhitaji tena kunitazama. Mtoto nilimshika mara ya kwanza alipokuja kwangu kwa miguu yake mwenyewe, akiyumbayumba kuvuka uwanja, nikatazama nyuma yake nikamwona bibi yake amesimama, mkono mdomoni. Mtoto alikuwa mzito. Alinukia moshi na maziwa.

Baadaye nilijaliwa wavulana wawili, nao walinyonya hadithi hii pamoja na maziwa bila kuijua. Watu wote sasa wananiita kwa jina la mkubwa wao, kama inavyostahili. Mama mkwe peke yake hakubadilisha. Mbele ya wageni, kanisani, hata akinigombeza kwa kuunguza maharage, aliniita kwa jina la binti yangu, na wavulana wangu walikua wakidhani ni jina la utani la bibi. Mwaka jana tulimzika, upande ule wa migomba. Tangu hapo nilikaa muda mrefu bila kusikia mtu akiniita hivyo.

Wiki iliyopita kliniki ilijaa. Nilikuwa nafundisha msichana mmoja kutoka Mang'ola, uzao wa kwanza, mabega yamepanda hadi masikioni. Mdoli wangu ameviringishwa shali ileile, imefifia sasa, imekuwa nyembamba. Mama mmoja mtani akauliza, "Na huyu mtoto asiyekua, kwani hana hata jina?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Nikawatajia jina la binti yangu. Wakacheka sana, yule msichana naye akacheka, mabega yakamshuka, mtoto wake akashika. Wakati wa kuondoka wakaniaga wote kwa jina hilo, Mama fulani kwaheri, Mama fulani tutaonana, mtunze huyo binti, na mimi nikawaitikia mmoja mmoja mpaka benchi likabaki tupu.